Hatulipii Urembo

Katika miji yetu mikubwa, Dar es Salaam na Nairobi kwa mfano, mtu mwenye uwezo anaweza kuingia kliniki ya urembo wakati wa mapumziko ya mchana, akadungwa sindano chache kwenye paji la uso, akalipa kwa simu na kurejea ofisini kabla kazi za alasiri hazijaanza. Baada ya siku chache makunyanzi yake hulainika. Katika miji hiyo hiyo yupo mtoto wa miaka minne ambaye mapaja yake yamebanana kama mkasi uliofungwa, visigino vyake havigusi ardhi, na mama yake hutumia nguvu za mikono miwili kumtanua miguu ili amwoshe. Dawa inayoweza kuilegeza misuli ya mtoto huyo ndiyo hiyo hiyo iliyolainisha paji la uso la yule wa kwanza. Mmoja ameipata kwa sababu anazo fedha. Mwingine aghalabu haipati, na mara nyingi mzazi wake hajawahi hata kuambiwa kwamba ipo.

Hoja yangu leo ni moja. Wagonjwa wamenyang'anywa dawa hii kwa neno moja tu: urembo. Tumeiita dawa ya urembo, na kwa kuiita hivyo tumewapa watunga sera na wasimamizi wa bima kisingizio cha kutoijadili kabisa. Kitu kisichojadiliwa hakiingii kwenye bajeti, na kisichoingia kwenye bajeti hakifiki wodini.

Tuanze na asili, kwa maana asili yake inaumbua jina tulilolipa. Dawa ninayoizungumzia hutengenezwa kutokana na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Jina lenyewe limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa kuwa watu wa Württemberg, Ujerumani, walikuwa wakifa kwa kula soseji zilizoharibika, na daktari mmoja, Justinus Kerner, aliyekuwa mshairi pia, akajitwika kazi ya kuvichunguza vifo hivyo kati ya mwaka 1817 na 1822. Kerner alitambua kwamba sumu ile hukatiza mawasiliano baina ya mishipa ya fahamu na misuli. Akathubutu kuandika kwamba huenda siku moja kiasi chake kidogo mno kikawatibu watu ambao misuli na mishipa yao ya fahamu imepitiliza mipaka ya kazi yake. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliokuwa wamepiga muziki mazishini walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa vibaya. Watatu wakafariki, na mwanasayansi Émile van Ermengem akamtambua bakteria aliyehusika.

Aliyeigeuza sumu kuwa dawa ni Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, Marekani. Alikuwa anatafuta namna ya kunyoosha macho yenye makengeza bila kutumia kisu. Alianza na nyani, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuwadunga binadamu, na mwaka 1980 akachapisha matokeo yake. Desemba 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa maradhi mawili: makengeza, na ugonjwa wa kope zinazojifumba zenyewe kwa nguvu hadi mtu mwenye macho mazima huishi kama kipofu. Makunyanzi yaliingia katika habari hii kwa bahati tu. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, Kanada, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa kope mwaka 1987 alipobaini kwamba mikunjo iliyo kati ya nyusi zao inapotea. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha jambo hilo mwaka 1992. Idhini ya Marekani kwa matumizi ya urembo ilitolewa mwaka 2002.

Hesabu ni rahisi. Kwa takribani miaka 12 dawa hii ilikuwa na idhini ya kutibu wagonjwa kabla haijaidhinishwa kulainisha uso wa yeyote. Urembo ni mpangaji aliyehamia baadaye, akabadilisha kibao cha mlangoni, na sisi wapita njia tukaamini kwamba nyumba ni yake.

Namna inavyofanya kazi inaeleweka hata kwa asiye daktari. Ili msuli ukaze, neva hutuma ujumbe kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu ya botulinamu hukata protini ambayo neva huihitaji ili kuiachilia kemikali hiyo. Ujumbe haufiki, na msuli unalegea. Nafuu huanza kuonekana baada ya siku chache na hudumu kwa takribani miezi mitatu au zaidi kidogo, kisha neva hujijenga upya na ujumbe huanza kupita tena. Dozi hupimwa kwa nanogramu, na daktari huchagua msuli mmoja mmoja. Hapo ndipo inapotofautiana na vidonge vya kulegeza misuli kama baklofeni na diazepamu, ambavyo huenea mwili mzima na kumtia mgonjwa usingizi ilhali alichohitaji ni kulegezwa kiganja.

Sasa tuulize: ni akina nani wanaohitaji kulegezwa msuli?

Wa kwanza ni watoto wenye mtindio wa ubongo. Utafiti uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba takribani watoto 3 katika kila 1,000 wana hali hiyo. Takribani robo yao hawakuzaliwa nayo wala kuipata wakati wa kuzaliwa. Ubongo wao uliumia baadaye, hasa kwa malaria kali na maambukizi mengine. Wengine wetu tunawajua kwa sura: mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, mtoto aliyepata manjano kali isiyotibiwa, mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Walipofuatiliwa watoto wale wa Uganda kwa miaka kadhaa, ilibainika kwamba vifo vyao vilikuwa takribani mara 25 ya vifo vya watoto wengine wa eneo lile. Mtoto mwenye misuli iliyokakamaa hulishwa kwa shida, husafishwa kwa shida na hubebwa kwa shida. Shida hizo humrundikia maradhi juu ya maradhi, na nyingi kati yake huishia mgongoni mwa mama ambaye mara nyingi ameachwa na mume kwa madai ya laana.

Wa pili ni manusura wa kiharusi. Utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya wa kiharusi takribani 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Ni kiwango cha kutisha hata kikilinganishwa na cha nchi tajiri. Katika wanaonusurika, wapo ambao baada ya miezi kadhaa mkono hujikunja, kiwiko hukataa kunyooka na vidole hufumba ngumi isiyofunguka. Kucha huingia kwenye nyama ya kiganja. Kiganja kisichofunguka hakioshwi, na kisichooshwa huoza. Kumfungua mtu ngumi ili aoshwe kiganja chake: niambie, ndugu msomaji, urembo uko wapi hapo?

Wa tatu ni walioumia uti wa mgongo, vijana wa bodaboda na wale walioanguka kutoka juu ya minazi na miembe. Tunawaona kwenye viti vya magurudumu na kudhani tatizo lao ni miguu. Ndani ya mwili, kibofu cha mkojo hujikaza bila mpangilio, mkojo huvuja, na shinikizo lake huweza kurudi juu na kuharibu figo. Tiba huanza kwa mpira wa mkojo unaoingizwa na kutolewa kwa usafi mara kadhaa kwa siku, pamoja na vidonge. Vinaposhindikana, sindano hii hudungwa kwenye ukuta wa kibofu. Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2011.

Orodha ni ndefu kuliko nafasi niliyo nayo. Wapo ambao shingo zao hujipinda zenyewe hadi kidevu kikaelekea begani, maradhi ambayo mitaani kwetu huitwa jini kabla hayajaitwa ugonjwa. Idhini ya Marekani kwa maradhi hayo ni ya mwaka 2000. Wapo ambao nusu ya uso wao hurukaruka mchana kutwa. Wapo watoto na wazee ambao mate huwachuruzika hadi yakawapalia. Wapo wenye kipandauso sugu, ambao kichwa huwauma siku 15 au zaidi kwa mwezi. Hao hudungwa sehemu 31 za kichwa na shingo kila baada ya wiki 12, kwa idhini iliyotolewa mwaka 2010.

Na asije mtu akasema ukakamavu wa misuli ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1985, baada ya ukame, wilaya ya Tarime ilikumbwa na mlipuko wa konzo, kupooza kwa ghafla na kwa kudumu kwa miguu kunakotokana na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka wakati wa njaa. Ugonjwa huo ulielezwa na madaktari huko Kongo tangu mwaka 1938, na jina lake ni la lugha ya Kiyaka: maana yake ni miguu iliyofungwa. Sidai kwamba sindano ndiyo jibu la konzo. Jibu la konzo ni chakula cha kutosha na muhogo ulioandaliwa inavyopasa. Ninachosema ni kwamba watu wa ukanda huu wana neno la kale la hali hii, ilhali baadhi ya wakubwa wetu wanapoisikia dawa ya kuilegeza hufikiria nyusi za waigizaji.

Naam, wakubwa wetu. Katika kikao kimoja cha kujadili mafao ya bima, nilimsikia mshiriki mwenye mamlaka akiulizwa kuhusu sindano hizi kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Hatulipii urembo." Ukumbi ukacheka naye, na ajenda ikasonga mbele. Simtaji yeye wala ofisi yake, kwa sababu tatizo ni kubwa kuliko yeye. Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, vijana werevu wanaosoma magazeti, Botox ni nini. Jibu lilikuwa moja, nalo lilitolewa kwa kicheko kile kile.

Kicheko hicho kina kazi ya kisiasa, kwa kuwa humwondolea mtu wajibu wa kufikiri. Mtu aliyesema "hatulipii urembo" hakutoa takwimu, hakulinganisha gharama, hakusema kwamba fedha hazitoshi. Angesema fedha hazitoshi, tungejadiliana naye kama watu wazima. Alichofanya ni kulihamisha swali kutoka meza ya tiba hadi meza ya anasa, na kwenye meza ya anasa maskini hana kiti.

Tazama jinsi wenzetu walivyolitatua jambo hili bila kelele. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza hailipii makunyanzi. Lakini mwaka 2012 taasisi inayoishauri kuhusu dawa na gharama ilipendekeza sindano hii kwa kipandauso sugu, kwa masharti yaliyo wazi: mgonjwa aumwe kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, angalau siku 8 kati ya hizo ziwe za kipandauso, na awe amekwisha kujaribu angalau dawa tatu za kinga bila mafanikio. Huo ndio utawala wa akili. Hawaulizi dawa inaitwaje; wanauliza mgonjwa anaumwa nini na amejaribu nini. Wao pia hawalipii urembo, ila wanajua kutofautisha.

Hata kampuni inayouza Botox inajua. Kwa mahesabu yake ya mwaka 2023, mauzo ya Botox kwa ajili ya tiba yalikuwa takribani dola bilioni 3, na kwa ajili ya urembo takribani dola bilioni 2.7. Yaani duniani kote dawa hii imeingiza fedha nyingi zaidi kwa kutibu kuliko kwa kurembesha. Kama mfanyabiashara mwenyewe anaihesabu kuwa dawa kwanza, sisi tunaihesabu kuwa poda kwa mamlaka ya nani?

Nafahamu pingamizi zitakazoletwa, na ni haki zijibiwe kwa heshima.

La kwanza ni bei. Ni kweli, dawa hii ni ghali, na athari yake huisha baada ya miezi michache. Lakini bei anayotajiwa mgonjwa mmoja mmoja kwenye kliniki binafsi si bei inayopaswa kuliogofya taifa. Botox si chapa pekee. Ipo Dysport ya Ufaransa, ipo Xeomin ya Ujerumani, na wapo watengenezaji wa Korea Kusini na China. Penye wauzaji wengi pana nafasi ya kushindanisha zabuni, na tuna Bohari ya Dawa ambayo kazi yake ni kununua kwa wingi. Tahadhari moja tu: uniti za chapa moja si sawa na za nyingine, kwa hiyo ununuzi uende pamoja na mafunzo. Na pale ambapo hata hivyo fedha hazitoshi, ipo fenoli, kemikali ya bei nafuu ambayo kwa miongo mingi imetumika kudungwa karibu na neva ili kupunguza ukakamavu. Ina maudhi yake, na inahitaji mkono wenye ujuzi, lakini ipo. Taifa lililolijadili jambo hili kwa dhati lingekuwa na mwongozo unaosema lini fenoli, lini botulinamu, lini kisu.

La pili ni vipaumbele. Tutaambiwa: kwanza malaria, kwanza uzazi salama. Nakubali kwa moyo wote. Mkunga mwenye ujuzi na kifaa cha kumpulizia hewa mtoto mchanga ataokoa watoto wengi kuliko sindano yoyote. Lakini mtoto ambaye mfumo wetu ulishindwa kumpa hewa katika dakika zile za kwanza hawezi kuambiwa, akiwa na miaka minne, kwamba asubiri mpaka tumalize kuwakinga wengine. Yeye ni deni letu. Ulemavu wake, kwa sehemu kubwa, ni risiti ya huduma ambayo hatukuitoa kwa wakati.

Tena kusubiri kwenyewe kuna gharama. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na hapa methali hiyo inasimama kwa maana yake ya mwili kabisa. Msuli uliokaza kwa muda mrefu hufupika, na kiungo hukauka kikiwa kimekunjwa. Ukifikia hapo sindano haisaidii tena, maana kinachozuia mguu kunyooka si ujumbe wa neva bali nyama iliyokwisha kuwa fupi. Kinachobaki ni upasuaji wa kurefusha kano, ambao ni ghali zaidi na mgumu zaidi kuupata. Tunakwepa gharama ya sindano leo, kesho tunabeba gharama ya chumba cha upasuaji, vidonda vya mgandamizo na figo zilizokufa. Au tuseme ukweli: aghalabu hatuibebi sisi, anaibeba mama.

La tatu ni wataalamu. Ni wachache, sikatai. Lakini hakuna anayedai sindano hii ipelekwe kila zahanati. Inahitaji timu chache zilizopangwa vizuri: daktari anayejua anatomia ya misuli, mtaalamu wa tiba ya viungo, mtaalamu wa tiba kwa vitendo na fundi wa vifaa saidizi. Inahitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8, nasi tunatunza chanjo katika baridi hiyo hiyo hadi vijijini. Hospitali zetu za rufaa za kanda zinaweza kutenga siku maalumu za kliniki na kuwakusanya wagonjwa wa eneo zima. Wapo tayari madaktari wa Afrika Mashariki wanaoitumia dawa hii kwa tiba. Waulizwe, waandike mwongozo, wawafundishe wengine.

La nne ni hatari. "Hii ni sumu," watasema, na ni kweli. Huhesabiwa miongoni mwa sumu kali kuliko zote zijulikanazo. Warfarini nayo iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, na leo wagonjwa wenye vali bandia za moyo huimeza kila siku ili waishi. Dawa na sumu hutenganishwa na dozi, mkono unaodunga na jicho linalosimamia. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza bidhaa hizi zote zibebe onyo kali kwamba sumu inaweza kusambaa kutoka mahali ilipodungwa na kudhoofisha upumuaji na umezaji, hasa kwa watoto wanaotibiwa ukakamavu. Onyo hilo lichukuliwe kwa uzito, na ndiyo sababu kazi hii ifanywe hospitalini. Lakini tazama pia upande wa pili: mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kudungwa sindano bandia, au kudungwa na watu au mahali pasipo na sifa, wengi wao wakitafuta urembo. Kwa hiyo anayehofia sumu aanze kukagua saluni zinazojitangaza mitandaoni. Ni ajabu tunapoiruhusu dawa mahali isiposimamiwa na kuiogopa mahali ambapo ingesimamiwa.

Na pingamizi la tano nalileta mwenyewe, kwa sababu wanaharakati wenzangu huwa hawalipendi. Sindano hii haiponyi mtindio wa ubongo wala kiharusi. Ushahidi kwamba inapunguza ukakamavu ni imara. Ushahidi kwamba kwa yenyewe inamfanya mtoto atembee vizuri zaidi kwa muda mrefu ni dhaifu zaidi, na watafiti wanaendelea kujadili iwapo kudungwa mara kwa mara kunadhoofisha msuli unaokua. Kinachofanywa na sindano ni kufungua dirisha la miezi mitatu. Katika miezi hiyo mtoto anyooshwe, avishwe vifaa vya kushikilia mguu, pengine awekewe hogo, afundishwe kusimama. Bila tiba ya viungo dirisha hufunguka na kujifunga, na fedha zimepotea. Kwa hiyo anayedai sindano peke yake anadai nusu ya tiba. Tudai huduma nzima ya utengamao, na sindano iwe chombo kimoja ndani yake.

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 25 kinazungumzia haki ya afya bila ubaguzi, na cha 26 kinazitaka nchi ziimarishe huduma za utengamao, zianze mapema iwezekanavyo. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Na mwaka 2023 huo huo Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao katika mifumo ya afya. Neno "wote" katika jina la sheria lina uzito. Aidha linamhesabu mtoto mwenye mapaja yaliyobanana, au lifutwe.

Nawageukia sasa wasomaji wangu, kila mmoja kwa nafasi yake.

Ninyi watumishi wa umma, hasa mnaokaa kwenye kamati za mafao na za orodha za dawa: ondoeni jina la dawa kwenye mjadala na wekeni jina la ugonjwa. Andikeni "ukakamavu wa misuli kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo", "ngumi isiyofunguka baada ya kiharusi", "kibofu cha mgonjwa wa uti wa mgongo kilichoshindwa na vidonge". Wekeni masharti makali mpendavyo: umri, vipimo, idadi ya sindano, ulazima wa tiba ya viungo, tathmini kabla ya kurudia. Masharti ni alama ya uzito. Mkimaliza kupima na mkaona fedha hazitoshi kwa wote, semeni hivyo hadharani na mseme mtaanza na nani. Mimi ningeanza na watoto ambao viungo vyao bado havijakauka.

Ninyi wanaharakati: msiende mezani na picha za huruma peke yake. Nendeni na hesabu ya gharama ya kutotibu: safari za hospitali, vidonda, upasuaji, siku za kazi ambazo mama amezipoteza. Na dai lenu la kwanza liwe wataalamu wa tiba ya viungo, kwa maana bila wao dai la pili halina miguu.

Nanyi wanafunzi, ambao nawapa kazi hata katika ukurasa huu: chukueni orodha ya taifa ya dawa muhimu na kitabu cha mafao ya bima, msome ukurasa kwa ukurasa, mtafute watoto hawa wametajwa wapi na kwa dawa gani. Mtakachokikuta kiandikeni, mkipeleke kwa mbunge wenu kwa barua yenye tarehe na sahihi, na mdai jibu la maandishi. Akiwajibu kwamba serikali hailipii urembo, mwombeni aje nanyi kliniki ya watoto asubuhi ya siku ya kazi, aikunjue miguu ya mtoto mmoja kwa mikono yake mwenyewe, kisha airudie sentensi hiyo mbele ya mama yake.